Kabla Hujafuta Kompyuta ya Mtu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka shati alilovaa yule mzee: jeupe, la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, fundi wa kompyuta katika duka moja pale Pasiansi, Mwanza. Cheti changu nilikitundika ukutani kwenye fremu kubwa kuliko cheti chenyewe, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuliko hiyo fremu. Nakwambia mapema, usije ukadhani huyu anayekushauri leo alizaliwa na busara.

Wateja waliniita Fundi Kabula. Enzi hizo mwanamke kushika bisibisi lilikuwa jambo la kushangaza, watu wakipita walichungulia ndani waone kama ni kweli. Sasa mtu akikutazama hivyo kila siku, unaanza kufanya kazi ya kumfurahisha mtazamaji. Nilitaka kila mashine iondoke haraka na waseme, huyu dada ni moto wa kuotea mbali. Mwenye duka, mzee Masanja, alikuwa amesafiri kwenda msibani Shinyanga, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa bosi.

Yule mzee wa shati jeupe aliingia amekumbatia CPU, lile kasha la kompyuta, amelifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Fundi yuko wapi?"

"Fundi ndiye mimi."

Akacheka. "Basi vizuri. Nimefundisha wasichana miaka thelathini, nitakuwa wa mwisho kushangaa."

Jina lake Mwalimu Magesa, mstaafu, mkazi wa Nansio. Alikuwa ameshuka melini asubuhi ile na alitaka kurudi kisiwani kwake Ukerewe na meli ya saa nane mchana. Akanieleza tatizo taratibu, kama mtu anayeandika ubaoni. Kompyuta inawaka vizuri. Akiandika kwa muda, mistari inaanza kukatiza kwenye kioo, rangi za herufi zinachanganyika, halafu inaganda. Akiizima ikapumzika, inawaka tena vizuri. Akatoa karatasi mfukoni, alikuwa ameandika kila siku ilichukua muda gani kabla ya kuganda: dakika kumi na tano, dakika kumi na mbili, jana dakika saba. Nikaipokea, nikaiweka mezani, nikaweka kikombe changu cha chai juu yake. Hapo, mwanangu, ugonjwa wote ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mimi nimeufanya kisahani.

Kisha akasema neno kubwa. "Humo ndani mna maneno ya mke wangu. Aliumwa miezi minane. Kila alasiri alinisimulia maisha yake tangu utoto, mimi naandika kwa vidole hivi viwili. Jumamosi ya wiki ijayo anatimiza mwaka tangu atutoke. Watoto wanakuja wote, nataka nichapishe nimpe kila mmoja nakala yake. Kwa hiyo usiyaguse hayo, binti."

"Nimekuelewa, mwalimu. Saa nane utaondoka nayo."

Sikuwa nimemwelewa hata kidogo. Alipokuwa anasema, macho yangu yalikuwa kwa wateja wawili waliosubiri fotokopi. Akaenda zake mjini kununua rangi ya kupaka msalaba wa kaburi, na mimi nikawasha mashine.

Kwa kuwa ndiyo kwanza unaanza kazi hii, nikueleze kidogo. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha. Kazi yake ni kupeleka kwenye kioo yale yanayoendelea ndani. Kadi hiyo ina programu inayoiongoza, tunaiita draiva. Kadi ikiugua, au draiva ikiwa siyo, kompyuta inaweza kuwa nzima kabisa na kila kitu chako kimo, ila haiwezi kukuonyesha. Ni kama mtu mwenye akili timamu aliyezibwa mdomo. Sasa wewe ukiona hasemi, unamzika?

Mimi nilimzika. Mashine iliwaka vizuri, baada ya dakika chache mistari ikaja, ikaganda. Nikaizima na kuiwasha pale pale, ikawa giza tupu. Nikaingia kwa sefu modi, ile njia ya dharura ya Windows za zamani, herufi zinakuja kubwa kama za kitabu cha chekechea na rangi mbili tatu. Kwa njia hiyo niliona kila kitu chake, mafaili yako salama salimini. Mtu mwenye akili angenakili kwanza. Mimi nikaona draiva ndiyo mbaya, nikaiondoa, nikaweka nyingine kutoka kwenye sidii yangu ya draiva za kuokoteza. Nikawasha. Giza. Nikaanza kutoka jasho. Saa saba ilikuwa inakaribia, na wale wa fotokopi wananitazama.

Enzi zile, na nasikia mpaka leo mnafanya, fundi wa mtaani akikwama ana dawa moja tu: kupiga windows upya, yaani kuiweka upya programu kuu inayoendesha mashine. Kioo kimezima, piga windows. Sauti haitoki, piga windows. Kipanya hakitembei, windows. Mganga gani huyo, anayempa mwenye jino na mwenye kuhara kidonge kile kile? Lakini ndivyo tulivyofundishana. Nikaweka sidii, nikachagua kufuta diski yote. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Iliniuliza, mwanangu! Nikabonyeza ndiyo.

Ilichukua kama dakika arobaini, pamoja na muda wa kutafuta sidii ya windows, ambao mashine ilikuwa imezimwa na kupoa. Kioo kikaja kizuri, safi, anga la bluu na majani ya kijani. Nikajipigia makofi kimoyomoyo. Nikafungua mahali pa mafaili, pakawa peupe kama uwanja uliofagiliwa. Ndipo sauti ya mzee ikanirudia: humo ndani mna maneno ya mke wangu. Yesu wangu! Nikakaa sakafuni, palepale kati ya nyaya.

Mwalimu Magesa alirudi na kopo lake la rangi. "Imepona?"

"Imepona, mwalimu." Nikajifanya nakusanya nyaya. "Ila kulikuwa na virusi. Vimekula mafaili yote."

Naona aibu kukuandikia hili hata sasa. Neno "virusi" ndilo lilikuwa kichaka chetu mafundi, kila tulichoharibu tulikificha humo, na nani angeingia kutafuta?

Mzee akakaa kwenye benchi. Halafu akauliza, "Hivyo virusi huingiaje?"

"Kwa flashi ya mtu, mwalimu. Au sidii."

Akatikisa kichwa polepole, akasema jina moja tu, "Mafuru." Sikujua Mafuru ni nani na sikuuliza. Akafunga kompyuta yake kwenye kitenge, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante. Hakunilaumu hata kwa jicho. Ungenizaba kibao, mwalimu, ningelala vizuri zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata wiki. Jumanne simu ya duka ililia, mzee Masanja, aliyekwisha kurudi, akaipokea. Alikuwa mwalimu wa Nansio: mistari imerudi kama zamani. Masanja akamwomba aipakie mashine melini, na Jumatano ikafika. Masanja aliitazama, akauliza kama mteja alisema chochote. Nikasema alisema inaganda. "Hivyo tu?" Nikakumbuka karatasi. Ilikuwa bado mezani, na duara la chai katikati.

Akaisoma amesimama. "Kumi na tano, kumi na mbili, saba. Kabula, hii umeisoma?"

"Sikupata nafasi, bosi."

"Kitu kinachoanza vizuri kikaharibika kikikaa, tena kila siku mapema zaidi, ni kitu kinachopata joto. Lete bisibisi."

Akafungua ubavu wa kasha. Wewe wa kando ya ziwa unawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi, jioni wakafuata taa, asubuhi unawafagia kwa beleshi. Mwalimu alikuwa anaandika mbele ya dirisha linaloelekea ziwani. Kifeni cha kadi ya picha kilikuwa kimezibwa nao, wamekauka, wameshikana na vumbi mpaka kimekuwa kama andazi. Hakikuweza kuzunguka hata kwa kusukumwa na kidole. Kadi ilikuwa inachemka, na ikichemka inaropoka mistari. Masanja akachukua brashi ya rangi, akasafisha, akadondosha tone la mafuta ya cherehani. Akawasha, akairudishia draiva yake yenyewe. Ilikaa alasiri nzima bila mstari hata mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sikuwa nimeinama.

"Na kazi za mzee wa watu umeziweka wapi?" akauliza.

Nikasema. Yote, mpaka la virusi. Nilitegemea atafoka, maana alikuwa na ulimi mkali yule mzee, akikasirika Kisukuma na Kiswahili vinatoka pamoja. Hakufoka.

"Kufuta ni kosa la mkono," akasema. "Mkono wa fundi yeyote hukosea, hata wangu. Lakini virusi umevitengeneza mwenyewe kwa mdomo, na vimekwishavuka maji."

Usiku ule na kesho yake tulijaribu kuokoa kilichofutwa kwa programu moja ya kufufua mafaili. Maji yakimwagika hayazoleki. Tuliambulia ukurasa mmoja na nusu, hauna kichwa wala miguu. Alhamisi jioni Masanja akauchapisha, akaukunja vizuri, akanipa. "Kesho unapanda meli. Utampelekea mashine yake, huu ukurasa, na ukweli."

"Bosi, atatutangaza kisiwa kizima."

"Atutangaze."

Nilifika Nansio mchana, nimelipakata lile kasha mapajani njia nzima. Nyumbani kwa mwalimu wanawake walikuwa wanachambua mchele, viti vya kanisa vimeshaletwa, na kaburi nyuma ya nyumba msalaba wake unang'aa kwa rangi mpya. Mwalimu alinipokea kama mgeni wa heshima. Akanikaribisha chai na viazi vitamu. Nikasema sitakaa kwanza, mwalimu, nina neno. Nikalisema nimesimama, nikitazama vidole vya miguu yangu.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna virusi?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu aliyeingiza kitu humo?"

"Hakuna, mwalimu. Ni wadudu wa ziwani, na mimi."

Akaufunika uso kwa mikono. Nilidhani analilia yale maandishi. "Nimemfukuza mwanangu," akasema.

Mafuru alikuwa kitindamimba wake. Ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yake wakati wenzake wako makazini mbali. Baada ya maziko akahamia Buswelu, huku Mwanza, kuchomelea mageti. Alipokuwa nyumbani aliwahi kuchomeka flashi yake ya nyimbo kwenye kompyuta ya baba. Basi Ijumaa ile, mzee alipofika tu Nansio, alimpigia simu. Alimwambia amemzika mama yake mara ya pili. Akamwambia asikanyage kwenye kumbukumbu ya mwaka ya mama yake.

"Ungeniambia umefuta, binti," mwalimu akasema, "ningelia, ningekukasirikia, na yangekwisha. Wewe ukanipa uongo, na uongo ukanitafutia mtu wa kumchukia. Nikamchukia niliyemzaa."

Alichukua simu akapiga mbele yangu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Hapokei. Nikamwomba namba, nikapiga kwa simu yangu, na kwa kuwa hakuijua akapokea. Mwanangu, sijawahi kuwa na mdomo mzito kama siku ile. Nikamwambia, mimi ni fundi wa Pasiansi, ndiye niliyefuta maneno ya mama yako, si wewe, nilimdanganya baba yako.

Mafuru akasema, "Rudia."

Nikarudia, baba yake amekaa anasikia. Akakata simu.

Sikurudi Mwanza siku hiyo. Jumamosi asubuhi nilichambua mchele na wale akina mama, hakuna aliyenifukuza, ingawa walikwisha kujua. Ibada ilikuwa ianze saa nne. Mwalimu akamwambia mchungaji wasubiri meli. Watu wakaanza kunong'ona, jua linapanda, chakula kimeiva, watoto wengine wote wa mwalimu wameshafika na kukaa mbele. Mchungaji akamwuliza kama ana hakika kuna mtu anakuja. Mzee akasema, "Sina hakika. Tusubiri."

Mafuru alifika karibu saa sita. Kijana mrefu, viatu vyenye vumbi, begi dogo begani. Alinipita bila kunitazama. Akapiga goti mbele ya baba yake, "Shikamoo baba," na yule mzee, mbele ya wanawe, wakwe zake na mchungaji, naye akashuka akapiga goti kwenye vumbi na shati lake jeupe. "Nisamehe mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. Mimi sijawahi kuona mzee wa umri ule akimwomba mtoto msamaha hadharani, si usukumani wala kisiwani. Nililia mpaka mwanamke mmoja akanipa upande wa kanga yake.

Ule ukurasa na nusu ukasomwa. Ulikuwa unasimulia mbuzi aliyekula kilemba cha arusi asubuhi ya arusi yenyewe, bibi arusi anamkimbiza mbuzi uwanjani na wageni wanaingia. Watu walicheka pale kwenye kumbukumbu, wakacheka na machozi. Ukurasa ulipokatika katikati ya sentensi, Mafuru akasimama akaendelea. Alisema mama alimsimulia hiyo wakati wa ugonjwa, yeye akimwogesha. Akasimulia na nyingine. Ndugu zake nao wakatoa walizonazo. Nikaomba daftari, nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi. Sitakudanganya kwamba yalitosha. Yalikuwa maneno ya watoto juu ya mama yao, siyo maneno ya mama, na yale ya mama hayatarudi. Mimi ndiye niliyeyapoteza.

Wakati naondoka, Mafuru alinifuata mpaka barabarani. "Sijakusamehe bado, fundi," akasema. "Lakini asante kwa kupiga." Nikaona ni haki yake.

Sasa sikia, wewe unayefungua kibanda cha kompyuta na simu, maana najua ndio ajira zenu siku hizi. Mteja akianza kueleza, nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeishi na huo ugonjwa. Kioo kikisumbua, anza na vya nje: waya umekaza? Kioo kingine kinaonyesha? Fungua, tazama feni, toa vumbi, ichomoe kadi uirudishe vizuri. Halafu ndipo uingie kwa sefu modi uguse draiva, na uweke ya kadi ile ile, siyo ya kuokoteza. Ukigusa kitu, gusa kimoja, ujaribu, usiguse vitano kwa mpigo ukakosa kujua kipi kimeponya. Na kabla ya yote hayo, nakili kazi za mtu. Kama huoni kitu, kioo ni giza, chomoa diski uichomeke kwenye mashine nyingine, mle mna vitu vya watu. Kufuta kuwe ndio neno la mwisho kabisa, tena umwulize mwenyewe, siyo mashine. Ukishindwa, sema nimeshindwa. Haitakuua. Mimi niliogopa kusema maneno mawili, hilo na "nimekosea", na unaona yalivyonifikisha.

Kompyuta ya mtu niliifuta kwa dakika arobaini. Mtoto wa mtu nilikaribia kumfuta kwa neno moja, na kwa huyo hakuna programu ya kumfufua.

Basi nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua na mzito wa kufuta. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe miguu ya kupanda meli ukaseme mwenyewe.